Kasa inaruka, inakwama au inaandika ABCD: maswali kuhusu ramani za vitufe katika Vim

Ukurasa huu unahusu Vim, programu ya kuhariri maandishi, na nduguye Neovim. Maswali ni yale yale yanayorudi kila mtu anapoanza kuandika `.vimrc` yake (faili la mipangilio ya Vim), au anapoazima ya mwenzake. Ukiwa na haraka, soma kwanza swali la `:verbose` hapa chini. Nimeona watu wakifuta Vim nzima na kuisakinisha upya kwa kosa ambalo amri hiyo moja ingewaonyesha mara moja.

## Mambo ya msingi

Kasa ni nini, na ramani ya kitufe ni nini?

Kasa ni kile kisanduku au kijistari kinachokuonyesha herufi inayofuata itakaa wapi. Ramani ya kitufe ni agizo unaloipa Vim kwamba nikibonyeza hiki, wewe fanya kile. Agizo lenyewe huandikwa kwa amri za ukoo wa `map`, kwa kawaida ndani ya `.vimrc`:

```
nnoremap j gj
```

Herufi ya mwanzo inataja hali ambamo ramani itafanya kazi: `n` ni hali ya kawaida, `i` ni hali ya kuandika, `x` ni hali ya kuchagua maandishi, na `o` ni pale Vim inaposubiri mwendo baada ya amri kama `d` au `y`. Ukiandika `map` au `noremap` bila herufi ya hali, umegusa hali ya kawaida, ya kuchagua na ya kusubiri kwa mpigo. Wengi hawalijui hilo, na matatizo yao mengi yanaanzia hapo.

Kwa nini watu wanatembea kwa h (kushoto), j (chini), k (juu) na l (kulia) ilhali mishale ipo?

Bill Joy aliandika vi, babu wa Vim, mwaka 1976 huko Berkeley, Marekani, akitumia teminali ya ADM-3A. Kwenye kibodi yake mishale ilichorwa juu ya herufi hizo nne, na Esc ilikaa karibu kabisa, mahali ilipo Tab siku hizi. Bram Moolenaar alipotoa Vim mwaka 1991 aliuendeleza utaratibu huo. Kutumia mishale si kosa. Kama haifanyi kazi, ni haki yako ifanye kazi, na sehemu ya "Mishale" hapa chini inakuhusu.

Nitajuaje kama kosa ni la ramani zangu au ni la kitu kingine?

Fungua Vim bila mipangilio yako:

```
vim --clean faili.txt
```

Kasa ikitembea vizuri, kosa limo kwenye `.vimrc` au kwenye programu-jalizi (plugin). Ikiendelea na vituko vile vile, mtafute mchawi nje ya Vim: teminali, tmux (programu inayogawa teminali moja kuwa kadhaa), mtandao, au kibodi.

Maelekezo mengi ya zamani husema utumie `vim -u NONE`. Mimi sikushauri. Njia hiyo huiwasha ile hali ya kuiga vi ya kale, na hali hiyo yenyewe huharibu mishale. Utakuwa umeanza na tatizo moja ukaishia na mawili.

Nitamjuaje aliyebadilisha kitufe?

Muulize Vim mwenyewe. Kama shida iko kwenye `j`:

```
:verbose nmap j
```

Jibu litakuwa na sura hii:

```
n  j           * gj
        Last set from ~/.vimrc line 23
```

Mstari wa kwanza unasema `j` imegeuzwa kuwa `gj`. Nyota inamaanisha ramani iliwekwa kwa amri ya aina ya `noremap`, yaani matokeo yake hayasomwi tena kama ramani. Ukiona alama ya `@`, ramani hiyo ni ya faili hili peke yake. Mstari wa pili ndio dhahabu, kwa sababu unakutajia faili na namba ya mstari. Ukijibiwa `No mapping found`, basi kitufe hicho hakijaguswa katika hali ya kawaida. Rudia swali kwa `imap`, `xmap` na `omap`, kufuatana na hali uliyokuwamo tatizo lilipotokea.

Tafadhali usibadilishe chochote kabla ya kuuliza swali hili. Ukianza kuongeza ramani mpya ili kufunika ya zamani, baada ya mwezi hutajua tena ni ipi inayotawala.

## Kasa inakwenda kusiko

Nikibonyeza j kasa inashuka, lakini inasogea pia herufi moja kulia. Kwa nini?

Kuna nafasi tupu mwishoni mwa mstari wa ramani yako. Macho hayaioni, Vim inaiona, na katika hali ya kawaida kitufe cha nafasi kina kazi yake: kusogeza kasa kulia. Kwa hiyo `nnoremap j gj` yenye nafasi moja baada ya `gj` inasema "shuka, kisha nenda kulia". Kasa ikiwa kwenye herufi ya mwisho ya mstari, itarukia mstari unaofuata, na hapo utadhani `j` inaruka mistari miwili.

Mimi kosa hili lilinisumbua siku kadhaa. Nilikuwa naangalia mstari wenyewe, nausoma kwa sauti, na kila nilichokisoma kilikuwa sahihi. Siku hizi nikikuta kasa inakwenda kombo kwa herufi moja tu, kitu cha kwanza ninachofanya ni kufungua `.vimrc` na kutafuta:

```
/\s\+$
```

Nafasi zote za mwishoni mwa mistari zitajitokeza. Pia `:verbose nmap j` itakuonyesha `gj<Space>` badala ya `gj`.

Nimeweka maelezo mbele ya ramani, sasa kila nikibonyeza kitufe maandishi yangu yanabadilika. Vipi?

Kwenye mistari mingi ya `.vimrc`, alama ya `"` huanzisha maelezo. Kwenye mstari wa ramani sivyo. Kila kitu kinachofuata ni sehemu ya ramani hadi mwisho wa mstari. Chukua mfano huu:

```
nnoremap j gj "shuka
```

Ukibonyeza `j`, Vim inafuata herufi moja baada ya nyingine. `gj` inashusha kasa. Nafasi inaipeleka kulia. `"s` inachagua rejista ya s (mahali pa kuhifadhia maandishi yaliyonakiliwa), na `h` inairudisha kasa kushoto. Kisha inakuja `u`, na hiyo inatengua badiliko lako la mwisho. `k` inapanda mstari mmoja, na `a` inakuingiza kwenye hali ya kuandika. Ulitaka kushuka mstari, ukapoteza kazi ya dakika tano. Weka maelezo kwenye mstari wake wa pekee, juu ya ramani.

Nimeweka j kuwa gj ili nitembee vizuri kwenye aya ndefu. Sasa 5j inanifikisha mstari usio sahihi.

`gj` huhesabu mistari kama inavyoonekana kwenye skrini, si kama ilivyo kwenye faili. Aya moja iliyojikunja mara tatu ni mistari mitatu kwa `gj` na mmoja kwa `j`. Ukitumia `relativenumber` (mpangilio unaoonyesha kila mstari uko umbali gani na kasa) kuhesabu umbali, hesabu hazitalingana kamwe. Dawa ni kumwambia Vim atumie `gj` pale tu usipotaja idadi:

```
nnoremap <expr> j v:count ? 'j' : 'gj'
nnoremap <expr> k v:count ? 'k' : 'gk'
```

Kwa anayeandika nathari ndefu, barua au tafsiri, ramani hizi mbili zina faida kubwa kuliko nyingine zote ninazozijua.

dj ilikuwa inafuta mistari miwili mizima. Sasa inafuta vipande. Nimeharibu nini?

Umetumia `noremap j gj` badala ya `nnoremap j gj`. Bila ile `n` ya pili, ramani imeingia pia kwenye hali ya kusubiri, kwa hiyo `dj` yako imekuwa `dgj`. Tofauti na `j`, mwendo wa `gj` haushiki mistari mizima. Hushika kuanzia herufi iliyo chini ya kasa hadi herufi ya chini yake. Ongeza `n`, fungua Vim upya, na `dj` itarudi ilivyokuwa.

Nimebadilishana j na k, Vim ikanipa kosa E223. Na ramani nyingine inagandisha kila kitu. Kuna uhusiano?

Upo. `nmap` huruhusu matokeo ya ramani yasomwe tena kama ramani. Ukiandika `nmap j k` na `nmap k j`, Vim inazunguka kutoka moja hadi nyingine mpaka inakata tamaa kwa kosa la E223. Lakini kuna mzunguko ambao haigundui: `nmap j zzj`. Hapo `zz` (kuuweka mstari katikati ya skrini) inatekelezwa kweli kila mara kabla `j` haijageuzwa tena, kwa hiyo Vim inaona kazi inaendelea, na kasa haisogei hata hatua moja. Bonyeza Ctrl-C kujinasua.

Tumia `nnoremap` siku zote, isipokuwa pale maelezo ya programu-jalizi yanapotaka `nmap` kwa makusudi, kwa mfano yanapotaja kitu kinachoanza na `<Plug>`. Katika Neovim, `vim.keymap.set` tayari ina tabia ya `noremap` usipoiambia vinginevyo.

Nikitoka hali ya kuandika kwa Esc, kasa inarudi nyuma herufi moja. Nani amelifanya hili?

Hakuna. Hiyo ni tabia ya vi tangu mwanzo: katika hali ya kuandika kasa hukaa kati ya herufi, katika hali ya kawaida hukaa juu ya herufi, na ukitoka inakaa juu ya ile uliyomaliza kuandika. Wapo wanaoizuia kwa ``inoremap <Esc> <Esc>`^``. Kwenye teminali ramani hiyo inaweza kuharibu mishale kwa sababu iliyoelezwa kwenye sehemu ya mishale. Ushauri wangu ni kuizoea. Wiki mbili zinatosha.

## Kasa inachelewa au inaganda

Nikibonyeza kitufe fulani kasa inasubiri sekunde nzima ndipo isogee.

Kuna ramani ndefu inayoanza na kitufe hicho. Tuseme umeweka ramani ya `ww`. Kila ukibonyeza `w`, Vim inangoja ione kama `w` ya pili inakuja, na muda wa kungoja uliowekwa tangu kiwandani ni milisekunde 1000. Andika `:verbose nmap w` na utaona ramani zote zinazoanza na `w`. Ama ibadilishe ramani ndefu, au punguza muda:

```
set timeoutlen=500
```

Usiuweke kuwa 0. Ramani za vitufe viwili hazitawahi kukamilika.

Kama kuchelewa kunatokea unapoandika na kila ukigonga nafasi, angalia `:imap`. Mara nyingi mtu ameifanya nafasi kuwa `<Leader>` yake (kitufe kinachotangulia ramani za mtu binafsi), kisha akaweka ramani ya leader katika hali ya kuandika.

Esc yenyewe inachelewa, hasa ndani ya tmux.

Esc ni kitufe, na pia ni mwanzo wa ujumbe ambao teminali hutuma kwa mishale na vitufe vingine maalumu. Tmux ikiipokea, inangoja kidogo ione kama kuna kinachofuata. Matoleo yake ya zamani hungoja milisekunde 500. Weka hii kwenye `.tmux.conf`:

```
set -sg escape-time 10
```

Ndani ya Vim, `set ttimeoutlen=100` hufanya kazi ya namna hiyo hiyo. Kabla ya kushusha zaidi, soma swali la mtandao hapa chini.

Nilibonyeza Ctrl-S kuhifadhi, sasa hakuna kinachosogea.

Vim haijafa. Ctrl-S ni agizo la kale la kuisimamisha teminali, na matoleo ya zamani ya Vim hayalizuii. Bonyeza Ctrl-Q, na vyote ulivyobonyeza wakati wa kuganda vitatekelezwa kwa mkupuo, kwa hiyo usigonge vitufe ovyo ukisubiri. Ukitaka kuitumia Ctrl-S kama ramani katika matoleo hayo, weka `stty -ixon` kwenye `.bashrc`.

## Mishale

Nikibonyeza mishale wakati ninaandika, zinatokea herufi A, B, C, D kwenye mistari mipya.

Mshale wa juu hutumwa kama herufi tatu: Esc, kisha `[` au `O`, kisha `A`. Wa chini unaishia na `B`, wa kulia `C`, wa kushoto `D`. Vim isipozitambua kama kitu kimoja, inazitekeleza moja moja: Esc inakutoa kwenye kuandika, `O` inafungua mstari mpya juu, na `A` inaandikwa humo.

Sababu ya kwanza, na ndiyo inayowapata wanafunzi wengi waliosakinisha Ubuntu au Debian hivi karibuni, ni kwamba `vi` iliyokuja na mfumo ni Vim ndogo inayoiga vi ya kale. Sakinisha kamili:

```
sudo apt install vim
```

Kama huna ruhusa kwenye mashine hiyo, `set nocompatible` ndani ya `~/.vimrc` inatosha.

Sababu ya pili, hasa herufi hizo zikitokea ukibonyeza mshale katika hali ya kawaida, ni ramani ya Esc. Wengi hunakili mstari huu ili kuzima rangi za utafutaji:

```
nnoremap <Esc> :nohlsearch<CR>
```

Katika Vim ya teminali, kila mshale unaanza na Esc, kwa hiyo ramani inaweza kuudaka mwanzo wa ujumbe na mabaki yake yakasambaa, hasa katika matoleo ya zamani. Kumbuka pia kwamba `<C-[>` ni Esc ile ile kwa jina jingine. Tumia kitufe kingine, kwa mfano `<Leader>n`. Katika Neovim ramani hii haina shida, maana inavisoma vitufe vya teminali kwa njia nyingine.

Mishale ni mizima kwenye mashine yangu, lakini nikiingia kwenye seva kwa ssh inaharibika mara moja moja.

Neno muhimu ni "mara moja moja". Mtandao ukiwa mzito, Esc inafika kwanza na `OA` inafika imechelewa. Kama umeweka `ttimeoutlen=0` ili Esc iwe nyepesi, Vim haingoji. Inaichukua Esc peke yake, na unarudi kwenye kisa cha juu. Anayefanya kazi kwa bando la simu asishuke chini ya 100, na kwenye laini mbovu aipandishe zaidi.

Kama inaharibika kila mara na si mara moja moja, linganisha `echo $TERM` pande zote mbili, kisha andika `cat -v` kwenye seva na ubonyeze mshale. Utaona herufi halisi zinazofika.

Mishale haifanyi lolote kabisa.

Tafuta `<Nop>` kwenye `.vimrc`. Kuna mtindo wa kuizima mishale makusudi ili mtu ajifunze `hjkl`, na mistari hiyo husafiri ndani ya mipangilio inayoazimwa. Ifute.

Nimeiwekea Tab ramani, sasa Ctrl-I haitembei tena kwenye orodha ya miruko (mahali kasa iliporukia).

Kwa teminali nyingi hivyo ni kitufe kimoja. Ctrl-I ni Tab, Ctrl-M ni Enter, Ctrl-[ ni Esc. Ukigusa kimoja umegusa pacha wake. Ndiyo maana pia kwenye teminali ambazo kitufe cha kufuta hutuma Ctrl-H, ramani ya `<C-h>` ya kuhamia dirisha la kushoto hukurusha dirisha jingine ukitaka kurudi nyuma herufi moja.

## Visa vya pembeni

Ninatumia jk badala ya Esc. Kuna maneno yatakayoniponza?

Kwa Kiswahili cha kawaida, hapana. Silabi zetu nyingi huishia na irabu, `j` na `k` hazikutani, na ndiyo maana `inoremap jk <Esc>` inamfaa mwandishi wa Kiswahili. Ukiandika "kijiji" au "majaji", irabu inayofuata inamaliza kungoja papo hapo. JKT na JKIA kwa herufi kubwa ni salama pia, kwa kuwa ramani hutofautisha kubwa na ndogo.

Hatari iko kwenye anwani za tovuti. Jaribu kuandika "Tovuti: www.jkuat.ac.ke". Ukifika `jk` unatolewa kwenye hali ya kuandika, `u` inatengua yote uliyoandika tangu ulipoingia, `a` inakurudisha kuandika, na kwenye skrini kunabaki `t.ac.ke` peke yake. Kama unaandika mambo ya chuo cha JKUAT kila siku, chagua `jj`. Kwa mara moja tu, andika `j`, bonyeza Ctrl-V, kisha `k`.

Nikijaza nafasi za kijipande cha msimbo (snippet), herufi j haiandikiki, kasa inahama.

Programu-jalizi za vijipande hutumia hali ya Select, ambamo herufi unayobonyeza inapaswa kufuta kilichochaguliwa na kukaa mahali pake. `vnoremap` hugusa hali hiyo pamoja na ya kuchagua. Badilisha ziwe `xnoremap`.

Kwenye Mac nikishikilia j ndani ya VS Code, kasa inasogea mara moja tu.

Mfumo unasubiri kukupa herufi zenye alama. Andika hii kwenye teminali, kisha ufungue upya VS Code:

```
defaults write com.microsoft.VSCode ApplePressAndHoldEnabled -bool false
```

Ninaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kwa nini l inakwenda upande usiotarajiwa?

Ukiwasha `rightleft`, Vim hugeuza miendo ya kulia na kushoto ili `l` iendelee kwenda kulia kwa macho. Lakini inafanya hivyo kwa vitufe unavyobonyeza mwenyewe tu. Mwendo unaotoka ndani ya ramani haugeuzwi. Kwa hiyo yeyote anayenakili tenzi za zamani za Lamu au Pate, na ana ramani zenye `h` au `l` ndani yake, atakuta zinakwenda kinyume na vitufe vyenyewe. Ziondoe kwa faili hizo: `:nunmap l`, na vivyo hivyo kwa nyingine.

Nimefuta ramani kwenye .vimrc lakini kila nikifungua faili la aina fulani inarudi.

Ni ramani ya faili, ile yenye `@` kwenye jibu la `:verbose`. Imewekwa na faili la aina hiyo ndani ya `ftplugin` (kabrasha la mipangilio ya kila aina ya faili), ambalo husomwa baada ya `.vimrc` yako. Ukitaka kuiondoa moja kwa moja, tengeneza faili lako ndani ya `~/.vim/after/ftplugin/`, ulipe jina la aina hiyo, mfano `markdown.vim`, na uandike humo:

```
silent! nunmap <buffer> ]]
```

Kwa Neovim kabrasha ni `~/.config/nvim/after/ftplugin/`. Neno `<buffer>` ni lazima. Bila hilo Vim inatafuta ramani ya jumla, haioni kitu, na ile ya faili inabaki pale pale.